Kijiji Kilipokuwa na Machela Mbili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo vidole vyangu vinaikumbuka kabla ya kichwa. Nikikaa kizingitini na ungo wa njegere mapajani, nikipasua ganda la kwanza, vidole vinasimama vyenyewe. Imepita miaka thelathini na kitu na bado vinasimama. Nitakueleza kwa nini. Kama unanisoma kwenye simu, zima hayo mengine yanayolialia humo ndani, maana leo bibi yako nina hasira na habari hii sitairudia mara mbili.

Mimi ni Leonsia, wa huku milimani, juu ya Mlali, ambako ukungu wa asubuhi unaingia ndani bila hodi. Nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Lakini nimezaa saba na wote wakaishi, nimeshusha kabichi kwa kichwa mpaka shingo ikawa nene kama ya ng'ombe dume, na hakuna mwanamume wa kijiji hiki aliyewahi kunishinda kwa maneno. Sijisifu bure. Waulize.

Mwezi uliopita nilimzika mzee wangu, Pius. Makaburi yetu yako ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko ambao gari haliwezi na hata hao bodaboda wanaojifanya hawaogopi kitu wanashuka na kusukuma. Huko mtu anapelekwa begani, jeneza juu ya miti miwili. Nina wajukuu wawili wa mabinti zangu wawili: Deo, fundi pikipiki mjini Morogoro, na Festo, analima mpunga Dakawa. Nimewalea kwenye mkeka mmoja. Wamekula sahani moja, wamepata surua wiki moja, na nikimchapa mmoja mwingine alikuwa analia kabla hajafikiwa. Wote warefu kama babu yao. Kwa hiyo nikawaambia, nyie ndio mbele.

Festo akarudi nyuma hatua moja. Mbele ya padri, mbele ya jeneza la babu yake, akasema, "Bibi, mimi sibebi na chawa."

Deo naye hakukawia. "Na mimi sishiki mti mmoja na kibaraka."

Kumbe miezi yote ya kampeni walikuwa wanatukanana kwenye lile kundi la ukoo la simu, mpaka mmoja akamtoa mwenzake, binamu wengine nao wakatoka kwa hasira, na siku ya kutangaza msiba nusu ya ukoo haikupata taarifa. Mimi sikujua. Enzi zangu chawa alikaa kwenye nguo, tukamwua kwa maji ya moto. Siku hizi chawa wa kujikomba kwa wakubwa ni mtoto wa mama yako mkubwa.

Nitarudi hapo makaburini. Kwanza nikupeleke nyuma, kwa sababu ule upumbavu wao hawakuuokota njiani. Wameurithi. Na wameurithi kwangu.

Wakati huo barabara haikuwa imefika huku. Mtu akiugua vibaya, au mama akishindwa kujifungua, yowe linapigwa na machela inatolewa. Machela yetu ilikuwa miti miwili mirefu na kitanda cha kamba katikati, inakaa nyuma ya kanisa, chini ya paa, na hakuna aliyekuwa na ufunguo wake kwa sababu haikuwa na kufuli. Ukisikia yowe unaweka jembe chini. Huulizi ni nani. Wanaume kumi na sita wanatoka, wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma kungoja zamu. Wanabadilishana kwenye jiwe kubwa, kisha kwenye kijito, kisha pale penye msalaba, mpaka Mlali kwenye gari. Ni mwendo wa saa nne kama hakuna tope.

Na kubeba kuna utaratibu wake, si kubeba tu. Mnaposhuka mlima, warefu wanakaa mbele ili mgonjwa asiserereke. Na wale wawili wa mbele lazima walingane mabega. Mmoja akiwa mfupi, machela inalala upande. Katika kijiji kizima waliolingana hasa walikuwa wawili: Pius wangu, na mwanamume mmoja anaitwa Kosmas, mtani wa ukoo wetu. Pius mbele kulia, Kosmas mbele kushoto. Walibeba hivyo tangu hawajaoa.

Sasa hao watu wawili, mwanangu, hawakuwahi kukubaliana jambo. Bei ya pareto, mbolea, padri mpya, timu za mpira, serikali. Wanabishana tangu kanisani mpaka Mlali, mti uko begani, jasho linatiririka, na miguu inakwenda pamoja. Nilikuwa nafuata nyuma na ndoo ya uji nasikia. "We Pius, kichwa chako kimejaa maboga." "Afadhali maboga yanaliwa, chako kimejaa nini?" Siku moja walimbeba mzee aliyevunjika nyonga, akawa anacheka humo kitandani na machozi yanamtoka, anasema, "Jamani, nyonga inauma, nyamazeni hata mpaka kwenye msalaba!" Hawakunyamaza. Na hawakumwangusha.

Ndipo vyama vingi vikaja.

Chama changu sikutajii. Cha Kosmas sikutajii pia. Nikikutajia tu, utaacha kunisikiliza, utaanza kunitetea au kunichukia, nami sitaki lolote kati ya hayo. Ninachotaka ujue ni kwamba mimi nilikuwa hodari. Walikuja watu wa mjini wenye viatu visivyofaa mlima, wakanisikia naongea sokoni, wakanifanya kiongozi wa akina mama wa tawi. Wakanipa kofia, wakanipa kitenge, kisha siku ya mkutano wakanipa kipaza sauti. Mwanangu, uliwahi kusikia sauti yako inapiga mlima wa pili na kukurudia? Mwanamke wa darasa la nne, mwenye nyufa za miguu, nasema neno na bonde zima linaitikia. Nililewa kuliko mlevi yeyote wa kilabuni.

Na mlevi anatukana. Niliwaita wenzetu wasaliti. Nilimtungia Kosmas wimbo, kwamba ana masikio makubwa kwa sababu anashikwa na kuongozwa kama punda. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kwa mtani, hilo ni neno dogo. Ningemwambia uso kwa uso angenirudishia kali zaidi na tungekunywa. Lakini mimi sikumwambia yeye. Niliuambia umati, naye yupo pale na watoto wake. Kisha nikaongeza neno ambalo hakuna aliyenituma. Nikasema, "Anayeshirikiana na msaliti, naye ni msaliti. Kuanzia leo tujuane." Wakapiga vigelegele.

Tukajuana kweli. Wao wakatuita vibaraka. Kilabu cha pombe kikawa vilabu viwili. Zamu za mfereji wa kumwagilia zikavurugika, mtu anafungulia maji matuta yake mchana na mwingine anakuja kuziba. Halafu kukatokea jambo ambalo mpaka leo nikimweleza mgeni haamini. Kijiji kikawa na machela mbili. Upande wetu tulikata miti mipya, tukasuka kitanda, tukakipaka rangi ya chama chetu, tukakiweka kwenye ofisi ya tawi. Ile ya zamani tukawaachia wao kama takataka. Wanaume kumi na sita wakawa wanane huku na wanane huko. Pius akawa mrefu asiye na mwenzake, na Kosmas hivyo hivyo. Hakuna mwingine aliyelifikiria hilo. Mimi nililifikiria, nikaliacha.

Mke wa Kosmas alikuwa Yustina. Yustina na mimi tuliolewa mwaka mmoja, tukashusha kabichi pamoja, mmoja akichoka mwingine anamtua. Alikuwa na mimba ya nne. Tangu ule wimbo hatukusalimiana.

Asubuhi moja, ukungu ndio unaanza kupanda, nikasikia yowe upande wa kwao. Nilikuwa kizingitini namenya njegere. Pius alikuwa amesimama uani na jembe, anataka kwenda shamba. Mara wakatokea kwenye njia, pale mbele ya mlango wangu, maana hakuna njia nyingine ya kushuka. Wanaume sita tu. Wawili walikuwa Mlali kwenye gulio. Kosmas mbele kushoto. Mbele kulia kuna kijana mfupi, anainua mti kwa mikono yote miwili juu ya kichwa ili ulingane, na mikono inatetemeka hata kabla ya kufika lile jiwe kubwa. Yustina humo ndani amejishika tumbo, hapigi kelele, anahema tu.

Kosmas hakuomba. Alimtazama Pius, basi. Pius akaweka jembe chini. Akageuka akanitazama mimi.

Nami nikasema, na nilisema bila kuacha kumenya, "Wana machela yao."

Maneno matatu. Pius akaliokota jembe. Wakapita.

Kwenye kijito yule kijana mikono ikamshinda. Machela ikalala upande wa kulia, Yustina akaanguka kwenye mawe. Mtoto alizaliwa hapo hapo kando ya maji, wa kike, hakulia. Yustina waliwahi kumfikisha Mlali, akapona, ila mguu wake mmoja ulibaki mzito mpaka leo. Mtoto walirudi naye jioni, ndani ya khanga, Kosmas amempakata mwenyewe.

Sikutoka nje. Nilikaa jikoni nikawasha moto usio na chungu. Aliyekuja kunitoa ni mama mkwe wangu, mama yake Pius, Bibi Apolonia, mwanamke mfupi ambaye hakuwahi kupandisha sauti maishani mwake. Alisema, "Leonsia, njoo na shoka." Nikamfuata. Akaenda moja kwa moja kwenye tawi letu, wanaume wamekaa barazani, wanamwamkia shikamoo, haitikii. Akaitoa ile machela yetu ya rangi, akailaza chini, akaniambia, "Pasua."

Nikasema, "Mama, hii ni mali ya chama."

"Mtoto wa Yustina alikuwa mali ya nani?"

Nikapasua. Mbele ya watu wangu, mbele ya wale walionipigia vigelegele, nikaipasua mpaka viganja vikatoka damu. Hakuna aliyenizuia, maana yeye alisimama pale na mikono nyuma akiwaangalia mmoja mmoja usoni. Kisha tukabeba zile kuni mpaka nyumbani kwa Kosmas, na kwa kuni hizo tukapika uji wa msiba. Akawaambia waliokuwepo, wao na wa kwetu, "Sasa kijiji kina machela moja. Atakayetaka ya pili, akaikate miti itakayoota juu ya kaburi langu."

Yustina aliporudi siku ya tatu, aliagiza mimi ndiye nimpelekee uji. Si mtu mwingine. Nilimkuta amelala anatazama ukuta. Nikaweka bakuli. Nikataka kusema niliyoyaandaa, naye akaniwahi.

"Ulikuwa nyumbani siku ile?"

Nikasema, "Nilikuwepo."

"Najua. Nilikuona. Ulikuwa unamenya njegere."

Alikunywa uji nusu, akanisogezea bakuli. Sikujua kama ananipa nimalizie au ananipa nioshe. Mpaka leo sijui, na sijamwuliza.

Sasa kuhusu hicho chama, kama unataka kujua kilifika wapi. Yule bwana aliyenipa kipaza sauti alishinda, akaja mara moja mpaka Mlali, akapunga mkono kuelekea mlimani, akaondoka. Baada ya miaka akahamia chama cha akina Kosmas. Na yule mkubwa wao akina Kosmas akahamia kwetu. Walipishana kama mabasi ya Dodoma, kila mmoja anampigia mwenzake honi. Nasikia watoto wao walioana. Kaburi dogo la kando ya kijito liko pale pale, halijahama.

Pius hakusema nami mwezi mzima, ila habari za chumvi na kuni. Hakunipiga, hakunifukuza. Afadhali angenipiga. Kisha yowe likalia tena, bibi mmoja kaumwa na nyoka shambani. Machela moja ikatolewa. Nikamwona Pius anakwenda mbele kulia. Kosmas akaja akasimama mbele kushoto. Hawakutazamana. Wakashuka kimya, kimya mbaya, watu kumi na sita hakuna anayekohoa, hata yule bibi akasahau kulalama. Walipofika kijitoni, palepale kwenye yale mawe, Kosmas akasema, anatazama mbele, "Hata hivyo chama chenu ni cha wezi."

Pius akapiga hatua mbili, tatu. "Chenu hakina hata cha kuibwa."

Nilikuwa nyuma na ndoo. Niliwaona wanaume wazima wanacheka na kulia, wamebeba mti, hawana mkono wa kufuta machozi. Wakabishana tangu hapo mpaka Mlali, na tangu siku hiyo mpaka barabara ilipokuja. Hawakuwahi kukubaliana. Pius amekufa hajakubali.

Ndiyo maana pale makaburini nilitaka dunia inimeze. Festo amesimama huku, Deo kule, jeneza liko chini katikati, na watu wanatazama viatu vyao. Nikasikia fimbo inaanguka. Ni Kosmas. Mzee wa mgongo uliopinda, hata mtaa wa pili hafiki bila kupumzika. Akainama mbele kushoto. Deo, namshukuru kwa hilo tu, aibu ikamshika akaingia mbele kulia. Festo akafuata nyuma, simu mkononi.

Kwenye mteremko wa kijito goti la Kosmas likakunjika. Jeneza likalala upande. Na mimi nikamsikia mzee wangu anajigonga kwenye mbao humo ndani. Umenisikia, Festo? Umenisikia, Deo? Babu yenu aliyebeba kijiji hiki maisha yake yote bila kumwangusha mtu, siku ya kubebwa yeye aliserereka kama gunia la viazi, kwa sababu mmeandikiana ujinga kwenye simu kuhusu watu wasiojua hata majina ya mama zenu.

Walimwinua. Wakafika. Kosmas akainama juu ya shimo, anahema, akasema kwa sauti, kama mtani anavyoruhusiwa kusema mbele ya maiti, "Pius, umekimbia kabla hujakiri kwamba nilikuwa sahihi. Nakuja, tutaendelea." Wazee tukacheka. Nyie vijana mkatukodolea macho kama tumerukwa na akili. Hamkuelewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vyote, kwamba hamkuelewa. Mnadhani mtu unayembishia ni mtu usiyeweza kumbeba. Yustina alikuja kwenye matanga akakaa pembeni yangu, akachukua ungo, akamenya njegere za wafiwa na mimi, vidole vyake na vyangu kwenye ungo mmoja.

Basi sikia, mwanangu, uwe wa upande wowote. Sikukatazi chama. Chagua, kadi uwe nayo, piga kura yako na usimwogope mtu. Bishana, tena bishana sana, mimi nimeolewa na mbishi na nimemlilia. Lakini bishana na mtu ukiwa karibu naye, unasikia anavyohema. Neno ambalo huwezi kumwambia uso kwa uso huku mmebeba mzigo mmoja, usiliandike, usiliimbe, usilipeleke kwenye umati ukakupigie makofi. Makofi yale nimeyaonja mimi. Yananoga, na yalinigharimu mtoto ambaye si wangu. Na ukisikia yowe, usiulize ni la upande gani. Weka jembe chini. Usisubiri mke akutazame, usisubiri kiongozi akuruhusu. Na wewe mwanamke unayetazamwa na mumeo uani, angalia unachosema, maana maneno matatu yanatosha kabisa.

Nyie wawili mnajua mmenisikia. Siku yangu haiko mbali, na nimeshawaambia mama zenu nao wameapa. Mimi nitabebwa na Deo mbele kulia na Festo mbele kushoto, tangu mlangoni mpaka kule kwa mzee wangu. Bishaneni njia nzima. Tukanani wakubwa wenu wote mkitaka, nitafurahi kusikia. Ila msiniangushe. Na kama mtaona hamwezi kushika mti mmoja, msimwite mtu mwingine. Niacheni kitandani ninuke, na majirani wakiziba pua wakiuliza, waambieni ukweli: bibi ananuka kwa sababu ya chama.

Bado nina hasira, lakini nawabariki hivyo hivyo, nyie na kila kijana aliyefika mpaka mstari huu. Mungu ayanyooshe mabega yenu yalingane. Awape wabishi wa kubishana nao mpaka uzeeni. Na akujalie wewe, mwanangu, usije ukakaa kizingitini na ungo mapajani, jirani yako anapitishwa mbele ya mlango wako, na mikono yako inaendelea kumenya.